Kucha za Kubandika Zenye Mng'ao wa Madini: Mkono Ndio Uchague Rangi na Umbo

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wahenga walipolinena neno hili hawakuwa wameziona kucha za kubandika zing'aazo kama dhahabu, wala zile za rangi ya fedha ambazo mtu aweza kuutazama uso wake ndani yake. Lakini neno lao lazifaa sana. Ukucha wa plastiki hung'aa vivyo hivyo, uwe umebandikwa juu ya kidole kizima au kidole kigonjwa, juu ya mkono wa bibi arusi au mkono wa askari wa zamu. Kwa hiyo mwenye kuuchagua hana budi kuutazama kwanza mkono wenyewe, na kazi itakayoungoja mkono huo sherehe itakapokwisha. Rangi na umbo vifuate baadaye.

Mjini Kampala, katika kilima cha Lubaga, jambo hili huonekana wazi siku za Jumamosi. Kanisa Kuu la Mtakatifu Maria, lililojengwa baina ya mwaka 1914 na 1925 katika kilima ambacho zamani kilikuwa na jumba la Kabaka Mutesa I, hupokea maarusi pamoja na jamaa zao. Magari yenye utepe hupanda kilima, akina mama hushuka wakiwa wamevaa gomesi za kumetameta, na mikono ya wengi wao humetameta vilevile. Chini ya kilima, upande wa Nateete na Ndeeba, wachuuzi huuza visanduku vya kucha, na vijana huzunguka na makapu ya chupa za rangi wakiwahudumia wateja mlangoni. Wengi huziita rangi zote za kucha Cutex, hata kama chupa yenyewe ina jina jingine kabisa.

Mwanamke mmoja, konstebo wa polisi akaaye na mumewe na watoto wawili katika nyumba za askari upande huo wa mji, aliombwa na mdogo wake awe msimamizi wake siku ya arusi. Heshima hiyo ilimfurahisha, kisha ikamtia wasiwasi. Miaka kadhaa nyuma mlango wa gari ulikuwa umembana kidole cha kati cha mkono wa kulia. Ukucha ukaanguka, na ule uliomea mahali pake ukawa na tuta katikati, tena ncha yake haikushikamana na nyama. Tangu siku hiyo hakuna picha ambayo mkono wake wa kulia waonekana. Katika picha ya ubatizo wa mtoto wa pili ameuficha chini ya shali. Katika picha ya kikosi ameuweka nyuma ya mgongo, na watu hudhani ni nidhamu ya gwaride. Sasa angesimama karibu na madhabahu, ashike shada la maua la mdogo wake kwa mikono miwili, na mpiga picha hatua tatu mbele yake.

Mdogo wake, pasipo nia mbaya, alikuwa amekwisha kuamua kwamba wasimamizi na wapambe wote watavaa kucha za rangi ya fedha, zing'aazo kama kioo, ndefu, zenye umbo la jeneza.

TAMAA YA ZAMANI

Si vema kumcheka mwanamke atakaye kucha za rangi ya madini, kwani tamaa hiyo ni ya zamani. Katika jumba la wafalme wa China, mabibi wakubwa walivaa vifuniko vya kucha vilivyofuliwa kwa dhahabu na fedha ili kuzilinda kucha zao ndefu. Picha za Malkia Mama Cixi zilizopigwa mnamo mwaka 1903 zamwonyesha akiwa amevivaa. Maana yake ilifahamika na kila mtu: huyu hafui nguo wala hamenyi chakula. Pwani ya Afrika Mashariki nako akina mama wamepaka hina kucha na viganja kwa ajili ya arusi na sikukuu tangu vizazi vingi, nayo hina haimzuii mtu kushika kazi kesho yake.

Kucha bandia za siku hizi zilipata njia nyingine. Yasimuliwa kwamba mwaka 1954 mganga wa meno wa Marekani, Frederick Slack, alivunjika ukucha akiwa kazini, akautengeneza upya kwa kemikali za kutengenezea meno, akitumia karatasi nyembamba ya alumini kama kiunzi. Hivyo ukucha ule ulianza kama dawa ya kidole kilichoumia. Kucha za kubandika ziuzwazo madukani leo ni za plastiki, nazo hazina dhahabu wala fedha hata chembe. Mng'ao wake hutoka katika vipande vidogo mno vya alumini, au vya mika iliyopakwa utando mwembamba, vinavyolala bapa na kurudisha nuru kama vigae vya kioo.

KWENYE MEZA YA MCHUUZI

Konstebo huyo alikwenda sokoni Nateete jioni moja baada ya zamu, akiwa amevaa nguo za raia. Mchuuzi, kijana mwenye ulimi mtamu, alimpangia visanduku mezani, akakiona kidole, akacheka kwa upole.

"Nyabo, hicho si kitu. Tutazidisha gundi, kifunikwe chote. Hata mumeo hatakijua."

Akatwaa ukucha mmoja wa fedha, akauweka juu ya kile kidole kwa majaribio. Ukayumba, mara huku mara huku, kama kifuniko juu ya sufuria iliyobonyea. Konstebo alisema atarudi, akaondoka bila kununua.

Jirani yake ni muuguzi mstaafu, mama wa makamo aheshimiwaye na nyumba zote za askari. Mama huyo alikishika kidole, akakisogeza kwenye nuru ya dirisha, akakitazama chini na juu.

"Mwanangu, ukucha huu haukushikamana na kitanda chake. Ukimimina gundi hapa, utakuwa umefunga mlango na maji yamo ndani."

"Basi, Mama, niende kanisani na vidole tisa?"

"Nenda na vidole kumi. Tisa vivae, kimoja kipumzike."

Neno la muuguzi lina sababu. Ukucha ulioinuka huacha uwazi chini yake. Unyevu ukifungiwa humo, vijidudu na ukungu hupata makao, na ukucha huweza kugeuka rangi ya kijani au manjano na kuzidi kuinuka. Ukucha wa namna hiyo hukatwa mfupi, hukaushwa vema kila baada ya kunawa, huachwa wazi. Kadhalika ukucha mnene wa manjano unaovunjika kama makapi yafaa uonwe na daktari kwanza. Mistari myeusi ni ya kawaida katika kucha za watu weusi, na mingi haina madhara. Lakini mstari mpya katika kidole kimoja, unaopanuka au kuenea hata kwenye ngozi, usifunikwe kwa rangi yoyote kabla ya kupimwa. Mwanamuziki Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981, aliuawa na saratani iliyogunduliwa chini ya ukucha wa kidole cha mguu mwaka 1977.

RANGI

Usiku ule konstebo aliketi, akafikiri kama afikiriavyo askari: ikiwa kidole kimoja kitabaki wazi, ni rangi gani haitakitangaza? Swali hilo lilimfundisha mengi kuliko visanduku vyote vya sokoni.

Rangi ya fedha yenye mng'ao wa kioo hupendeza mno juu ya ngozi nyeusi sana, kwa kuwa hutengana nayo kama mwezi na usiku. Lakini kutengana huko ndiko kunakovuta jicho: kidole kisichovaa, kikiwa kati ya vidole vya fedha, huonekana kutoka mlangoni mwa kanisa. Tena mng'ao wa kioo huonyesha kila mkwaruzo na kila alama ya kidole. Dhahabu ya manjano hupatana na ngozi yenye wekundu ndani yake, na ile iitwayo maji ya kunde. Huvaana vema na pete ya ndoa ya dhahabu, ila juu ya gomesi yenye nakshi nyingi za dhahabu yaweza kuwa chumvi iliyozidi. Dhahabu yenye wekundu ni pole zaidi, nayo hufaa mikono ya umri wowote. Rangi ya chuma cha bunduki, kijivu chenye giza, ni ya utulivu. Ikivaliwa na nguo ya buluu au nyeupe huleta heshima pasipo kelele.

Iko pia shaba. Madini haya yanafahamika Uganda, kwani yalichimbwa Kilembe, magharibi ya nchi, kuanzia mwaka 1956. Rangi yake iko karibu na rangi ya ngozi za watu wengi wa Afrika Mashariki. Hung'aa juani, na kivulini hutulia kana kwamba ni sehemu ya mkono wenyewe. Mng'ao wake ukiwa wa hariri badala ya kioo, mikwaruzo haionekani upesi. Kidole kitupu kilichopakwa mafuta ya simsim, kikiwa kati ya vidole vya shaba, hakipigi kelele.

Njia ya kujaribu ni moja tu: nuru ya jua. Taa za dukani hudanganya. Huifanya fedha kuwa ya samawati na shaba kuwa nyekundu. Ushike ukucha juu ya kidole chako mlangoni au dirishani, kisha uweke kando yake kitambaa cha nguo utakayovaa, na pete au saa usiyoivua. Askari waume wanaolisoma jambo hili na kuliona kuwa la wanawake tu wakumbuke kwamba wao wenyewe huijua tofauti ya bizimu ya shaba iliyosuguliwa na ile ya bati. Jicho hilohilo lawatosha kumchagulia mke zawadi warudipo likizo. Kisanduku aghalabu huwa na kucha 24 za ukubwa mbalimbali, hivyo si lazima mume ajue kipimo cha kila kidole.

UMBO

Umbo nalo lina kanuni zake. Ukucha wa mraba huonekana imara, lakini kona zake hunasa nyuzi za gomesi na shali. Bora kona zilainishwe kidogo kwa tupa. Umbo la yai hurefusha kidole kifupi bila kuhitaji ukucha mrefu. Umbo la lozi hupunguza upana wa kidole kinene, nalo huhitaji urefu wa kiasi. Jeneza na mchongoko kama ncha ya kisu huhitaji urefu mkubwa, na hapo ndipo penye hatari: ukucha mrefu ni wenzo. Ukigonga meza kwa ncha, nguvu huenda moja kwa moja kwenye shina, na ukucha wa asili huinuliwa pamoja na wa plastiki. Wengi waliong'oka kucha hawakuumizwa na gundi; waliumizwa na urefu.

Mtu ajiulize basi mikono itafanya nini siku ile. Msimamizi wa bibi arusi hufunga vifungo vidogo, hushika shela, humfuta mwenzake machozi. Mama wa nyumbani atamenya matoke kabla ya wageni kufika, na atambeba mtoto ambaye ngozi yake ni laini kuliko hariri. Askari wa kike aweza kuitwa kazini ghafula, ashike redio, afunge pingu, apitishe kidole katika kilinzi cha kifyatulio. Kwa mikono kama hiyo, ukucha usizidi ncha ya kidole ila kidogo, na uwe wa mviringo au wa yai.

Konstebo alichagua shaba yenye mng'ao wa hariri, umbo la yai, fupi. Kwa ufupi huo, kidole cha kati kisichovaa hakikuonekana kimepungukiwa na wenzake.

Palibaki jambo lililomtia hofu kuliko mlango wa gari: kumweleza mdogo wake. Alikwenda nyumbani kwao Jumapili, akauweka mkono wa kulia juu ya meza, akaukunjua. Mdogo wake alikitazama kidole kwa muda mrefu.

"Dada, kumbe ndicho ulichokuwa ukificha? Miaka yote hii nilidhani hupendi kupigwa picha pamoja nami."

Maneno hayo yalimchoma. Hakuwa amewaza kwamba katika kuuficha mkono alikuwa amemtenga pia mtu aliyesimama kando yake. Wakapatana: wapambe wavae fedha, msimamizi avae shaba, kwa kuwa hata gomesi yake ilikuwa ya rangi nyingine.

KUBANDIKA NA KUBANDUA

Namna ya kubandika si ngumu ikifanywa kwa utaratibu. Mikono ioshwe kwa sabuni na kukaushwa kabisa, kisha kila ukucha upanguswe kwa spiriti ili mafuta yatoke. Ngozi laini iliyo shinani isukumwe kwa upole, isikatwe. Ukucha wa plastiki ulingane na upana wa ukucha wa asili. Ukigusa ngozi ya pembeni, usuguliwe kwa tupa kabla ya gundi. Ubandikwe kuanzia shinani kuelekea ncha, ushikiliwe kwa muda mpaka utulie.

Gundi ni za namna mbili. Vibandiko vyembamba vyenye gundi pande zote mbili hutosha kwa siku ya sherehe, na hutoka kwa urahisi. Gundi ya maji hushika siku nyingi zaidi, lakini ni kali: ikidondoka juu ya pamba au nguo ya pamba yaweza kupata moto ghafula na kuunguza ngozi. Iwekwe mbali na watoto, pamoja na kucha zenyewe, maana mtoto mdogo hutia kinywani kila king'aacho. Mwenye kuzivaa asizisogeze karibu na sigiri, kwa kuwa plastiki huyeyuka na kushika moto.

Wakati wa kuvua, kucha zisivutwe kwa nguvu. Vidole vilowekwe katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni na matone ya mafuta, kisha ukucha uinuliwe taratibu kuanzia pembeni. Iliyobandikwa kwa gundi kali huhitaji asetoni. Dawa hiyo hushika moto upesi, hivyo itumiwe penye hewa na mbali na jiko. Anayeng'oa kwa haraka huondoka na tabaka la ukucha wake mwenyewe, na ukucha wa kidole cha mkono humea kiasi cha milimita 3 tu kwa mwezi: uliong'oka wote huchukua yapata nusu mwaka kurudi.

Aidha, wako watu na nyakati zisizofaa kabisa kucha hizi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa usafi wa mikono wa mwaka 2009, lilishauri kwamba watumishi wa afya wanaowagusa wagonjwa wasivae kucha bandia, na kucha zao za asili zisizidi nusu sentimita. Mgonjwa naye, kama vile mama aendaye kujifungua au mtu aendaye kupasuliwa, azivue kabla ya kutoka nyumbani. Katika hospitali, ikiwamo ile ya Lubaga iliyoanzishwa na watawa mwaka 1899, kifaa kidogo hubanwa kidoleni ili kupima hewa iliyomo katika damu, nacho hufanya kazi kwa kupitisha nuru katika ukucha na nyama. Ukucha wenye mng'ao wa madini waweza kuizuia nuru hiyo, na kipimo kikawa cha uongo saa ambayo ukweli wahitajika.

Arusi ilifanyika, na konstebo alilishika shada la maua kwa mikono miwili. Jumapili jioni aliloweka vidole katika karai, akavua kucha tisa za shaba, akazifuta na kuzitia katika kisanduku chake kwa ajili ya siku nyingine. Jumatatu asubuhi alikuwa kwenye gwaride, kucha zake fupi na safi, kama kazi ya askari ipasavyo. Miongoni mwa picha zilizoletwa baada ya wiki kadhaa, imo moja ambayo dada wawili wameshikana mikono, na kidole cha kati cha mkono wa kulia kiko wazi mbele ya wote.

Basi akina mama na akina dada, hasa ninyi mliovaa sare au mnaoishi na waliovaa sare, mnapokwenda kununua kucha za kubandika msianze na kidole kilicho kizuri kuliko vyote. Anzeni na kile kilicho kibaya. Kiulizeni kinaweza kubeba nini, kisha rangi na umbo vichaguliwe kwa ajili yake. Vile tisa vilivyo vizima vitaridhika na chochote.